Sikio la Kushoto la Kukhu

Asubuhi ya kumbukumbu ya Kukhu, nyanya yangu, mjomba wangu Wandera alinivuta kando, nyuma ya tangi la maji, akaniambia nitakachosema. Tulikuwa Namboboto, nyumbani kwa Kukhu mwenyewe, mwaka mmoja na kidogo tangu tumzike. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa uani, moja la wazee na wageni wa kanisa, lingine la akina mama na watoto. "Nafula," akasema, "umepewa nafasi fupi uongee kwa niaba ya wajukuu. Sema vile alikuwa anawapikia. Sema vile alikuwa anawaombea. Watu wafurahi. Mambo ya Malaba uyaache huko Malaba." Nikamwambia nimesikia. Hakutosheka. Sasa ni mzee aliyekaribia miaka sabini, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, mtu ambaye harambee haianzi kijijini kabla hajafika. Akainamisha kichwa na kuongeza kwa sauti ya chini: "Na ukumbuke wewe ni mtoto wa msichana. Hii boma iko na wenyewe." Kisha akaenda kuwalaki wageni kwa tabasamu, nami nikabaki pale kama mtoto aliyekemewa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, mwenye hoteli yake Busia mjini na wafanyakazi wanaoniogopa.

Nilienda jikoni kutafuta mahali pa kuweka mikono yangu. Mama Mdogo Taaka, kitinda mimba wa Kukhu, alikuwa anasonga ugali wa mtama na muhogo kwenye sufuria kubwa, jasho likimtiririka hadi shingoni. Nikamweleza alichoniambia kaka yake. Hakuacha kusonga. "Amoit anakuja," akasema. "Yeye na Nabwire. Mimi ndiye nimewaita." Nikauliza kama mjomba anajua. "Atajua akiwaona." Mama mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu karibu yetu alisimamisha kisu, akatutazama, kisha akaendelea kumenya polepole ili asikose neno. Jina la Amoit lilikuwa halijatajwa kwa sauti katika boma lile kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka wa mambo ya Malaba nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja matokeo, na nilipelekwa huko Malaba, mpakani na Uganda, kumsaidia Kukhu kazi ya hoteli. Nasema hoteli kwa sababu ndivyo tulivyoiita. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati kando ya foleni ya malori, benchi sita, meza zilizofunikwa plastiki ya maua, na moshi usioisha. Nyuma yake palikuwa na stoo ya unga na makaa, na ukuta uliotenganisha hapo na mezani ulikuwa mbao nyembamba tu zilizobandikwa magazeti kuziba nyufa. Madereva waliotoka Mombasa wakielekea Kampala na Kigali walikwama pale siku nyingi wakingoja karatasi zao, na njaa yao ndiyo iliyotulisha. Walikula wakisema yote: barabara, wanawake, mizigo iliyooza, wenzao walioanguka. Kutoka ng'ambo waliingia akina mama wa Uganda wenye vikapu vya ndizi, wakamwita Kukhu "nyabo", yaani mama, na kuketi kupumzisha miguu. Kukhu alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mikono mipana, na hakupenda kurudia neno. Kama hukusikia mara ya kwanza, hiyo ilikuwa shida yako.

Wandera, mwanawe wa kwanza, alifanya kazi na ajenti wa mizigo hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe kila siku, na alijulikana na kila mtu mpakani: wabadilishaji pesa, waendesha boda za baiskeli, hata wachukuzi. Mchana alikula kwetu. Mkewe, Amoit, Mteso kutoka upande wa Amukura, alikaa kwenye nyumba ya kukodi ng'ambo ya soko na mtoto wao Nabwire, ambaye hata kutembea hakuwa ameanza. Tulijua Wandera anampiga. Kila mtu alijua, kwa namna ile watu wanavyojua jambo wasilotaka liwe lao. Kukhu alikuwa amemkanya mwanawe mara kadhaa, na kila mara Wandera alijibu kwa heshima, "Nimesikia, Mama," akamaliza chai yake, akaenda.

Siku moja asubuhi, kabla hatujawasha jiko la pili, Amoit aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na mtoto mgongoni na mkono mmoja ukiwa umeshika taya. Hakulia. Taya lilikuwa limevimba hata maneno yalitoka nusu nusu. "Mama," alimwambia Kukhu, "leo alikuwa ananyonga mimi. Mtoto anaona." Kukhu alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, kisha akaniambia nitoe magunia mawili ya makaa stooni niyaweke nje. Pale yalipokuwa magunia, akatandika mkeka na blanketi lake mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini Amoit asiende kwao. Amoit ndiye aliyejibu, akiwa tayari ameketi chini: alikuwa ameenda mara mbili, na mara zote mbili kaka zake walimrudisha.

Hivyo ndivyo ulivyoanza wakati ule wa kumficha. Wandera alikuja mchana ule ule, akaketi mahali pake, mgongo ukielekea ukuta wa magazeti. Mkewe alikuwa upande wa pili wa ukuta ule, umbali wa mkono tu. "Mama, Amoit hajapita hapa?" Kukhu alikuwa anachota mchuzi. "Mimi niko na wateja," akasema, "kula." Akaniashiria niongeze sauti ya redio. Nilimpelekea sahani. Nyuma ya mbao nilisikia Nabwire akianza kile kilio kidogo cha mtoto anayeamka, kisha kikakatika ghafla, na nikajua amepewa titi. Mjomba alikula akamaliza, akanawa, akashukuru. Kesho yake akarudi. Na siku iliyofuata. Aliuliza swali lile lile kwa njia tofauti, akatabasamu, akaangalia mlango wa stoo, akaangalia viatu vyangu. Nilijifunza kutembea bila haraka. Nilijifunza kwamba ukimjibu mtu anayekutafutia kosa, neno la kwanza ndilo linalokuponza, kwa hiyo nilikuwa nasema "Sijui, Anko" na kunyamaza hapo.

Kukhu hakuwa na mpango wa kumficha milele. Alikuwa anangoja taya lipungue na Amoit apate nguvu za kutembea. Ng'ambo, Tororo, alikuwa na rafiki yake wa biashara ya samaki wa kukausha, mjane aitwaye Nyakecho, na tayari alikuwa amemtumia ujumbe kupitia wale akina mama wa ndizi. Tatizo lilikuwa njia. Waendesha boda walikuwa marafiki wa Wandera, na alikuwa amewaambia wamwite wakimwona mkewe. Nilidhani tutavuka alfajiri, au kwa njia za panya kule chini mtoni. Nikamwambia Kukhu hivyo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mwizi ndiye anapita mtoni," akasema. "Amoit ameiba nini?"

Tulitoka siku ya soko, jua likiwa juu, hoteli ikiwa imejaa. Kukhu alivua aproni, akavaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, akawaambia madereva wajipakulie. Alinifunga Nabwire mgongoni. Kisha akafungua mlango wa stoo, akamshika Amoit mkono, wakapita katikati ya meza za watu. Vijiko vilisimama. Yeye mbele, Amoit katikati, mimi nyuma, tukaingia barabarani na kuelekea kwenye kizuizi. Hatukuwa tumefika mbali wakati kengele za baiskeli zilipoanza kulia nyuma yetu. Nikakaza fundo la leso ya mtoto kifuani.

Wandera alitokea kati ya malori mawili, shati jeupe, kalamu bado iko mfukoni. Alisimama mbele ya mama yake. "Mama, unanifanyia nini? Watu wanaona."

"Waone. Nimetoka mchana ndiyo waone."

"Huyo ni bibi yangu. Na huyo ni mtoto wangu."

"Mtoto ni wako," Kukhu akasema. "Ndiyo maana nataka akue akiwa na mama."

Alijaribu kumzunguka ili amfikie Amoit. Kukhu akasogea. Akazunguka upande wa pili. Kukhu akasogea tena, mikono yake mipana ikiwa imening'inia tu, hakuinua hata mmoja. Ndipo mjomba akanyanyua mkono akapiga. Baadaye wazee walisema mkono uliteleza, kwamba kofi lilikusudiwa Amoit. Mimi nilikuwa pale. Kofi lilimpata Kukhu upande wa kichwa kwa nguvu zote za mwanamume, na kile kitambaa cheupe kikaruka kikaanguka kwenye lami yenye mafuta. Akina mama wa ndizi waliteremsha vikapu vyao. Dereva mmoja wa Mombasa, mtu mnene aliyependa maini, alishuka kutoka kwenye lori lake akasimama kando yetu, na wengine wakashuka pia. Wandera aliangalia kiganja chake. Kukhu aliinama, akaokota kitambaa, akakikung'uta, akakifunga upya kichwani taratibu kama aliye mbele ya kioo. "Nafula," akasema, "twende." Kwenye kizuizi, askari aliinua mti bila kutuuliza kitu.

Kwa Nyakecho tulipewa chai, na hapo ndipo nilipoona damu nyembamba ikishuka kutoka sikio la kushoto la Kukhu hadi kwenye kola ya gauni. Yeye alikuwa anaifuta kwa kidole kana kwamba ni jasho. Alisema atabaki na Amoit mpaka apate kazi na mahali pa kulala, ili kaka zake wakija wamkute yeye kwanza. Mimi nirudi. "Ukifunga hoteli, atajua ameshinda," akaniambia. "Fungua kesho. Wandera akikuja, mpe chakula." Nilidhani nimesikia vibaya. "Yeye, Kukhu?" "Yeye. Mpe nyama nzuri. Lakini usimpe neno."

Nilirudi peke yangu, nikafungua, na nikaendesha hoteli ile karibu mwaka mzima uliobaki. Matokeo ya mtihani yalikuja, hayakuwa mabaya, lakini sikwenda kokote. Mjomba alikaa siku chache bila kuonekana, kisha akaja. Aliketi mahali pake. Nilimwekea sahani, nyama nzuri kama nilivyoagizwa, na watu waliokuwa kwenye benchi ile walinyanyuka mmoja mmoja na sahani zao wakahamia kwingine. Hakuna aliyemtukana. Hawakuketi naye tu. Kuanzia siku ile alikula peke yake kwenye meza ya watu wanane huku wengine wakisongamana, na bado alikuja. Sijui mpaka leo kama ilikuwa kiburi au ni adhabu aliyojipa. Aliniuliza, "Mama anasema nini?" Nikanyamaza. "Wamekaa wapi?" Nikanyamaza. Alasiri moja, watu wakiwa wachache, alinishika kifundo cha mkono akakibana kwenye meza, akasema polepole, "Unajua. Wewe unajua na unanitesa." Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikufungua mdomo, na mwishowe yeye ndiye aliyeachilia. Nafikiri utoto wangu uliishia hapo, kwenye plastiki ile ya maua.

Kukhu alirudi karibu na Krismasi, peke yake, amekonda. Amoit alikuwa amepata kazi kwa fundi wa cherehani. Sikio lilikuwa limetoa usaha miezi na miezi, na daktari alimwambia limekufa. Wazee wa ukoo walikuja Malaba na kondoo, wakataka kufanya yale yanayofanywa mtoto akimpiga mzazi, wasafishe jambo liishe. Kukhu aliwapa viti, akawapa chai. "Kondoo ni wenu, mkale," akawaambia. "Mimi simdai Wandera. Deni yake iko kwa Amoit. Aende amwombe msamaha huko, akitoka huko akuje hapa." Wakamsihi mpaka jua likapinda. Wandera aliyekuwa amesimama mlangoni alisema hawezi kwenda kumwomba mwanamke msamaha. Basi ikaishia hapo. Kukhu hakumfukuza. Kwa miaka yote iliyofuata, Malaba na baadaye Namboboto, mjomba alikuja, akasalimia, akala. Lakini kila mara Kukhu alimketisha upande wake wa kushoto. Wageni waliona ni heshima, mtoto wa kwanza karibu na mama. Wandera aliongea, akaeleza habari zake, na Kukhu akatazama mbele, akitafuna.

Haya yote yalikuwa kifuani mwangu siku ile ya kumbukumbu wakati Amoit alipoingia langoni. Amezeeka vizuri, gomesi ya samawati, lile gauni la wanawake wa Uganda, na miwani, na Nabwire kando yake, mrefu kama babake. Mama Mdogo Taaka aliwakimbilia akawaketisha mstari wa mbele wa hema la akina mama. Kule kwa wazee, mjomba alikuwa amesimama na maikrofoni akisoma maisha ya Kukhu, na nilimwona akiwaona. Akarudia mstari ule ule mara mbili, kisha akaendelea. Alisoma alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alianzisha biashara Malaba. Akasoma kwamba aliishi na watoto wake kwa amani. Akasoma kwamba katika uzee wake Mungu alimjalia afya njema, isipokuwa masikio yaliyochoka kwa sababu ya umri. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nabwire aligeuka akamtazama mama yake. Amoit alikuwa anatazama mikono yake.

Niliitwa baadaye kidogo. Nilipopokea maikrofoni, mjomba alinikazia macho. Nilianza kama alivyotaka, nikasema vile Kukhu alivyopika, watu wakacheka kidogo. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Lakini Kukhu hakuwa kiziwi kwa sababu ya umri." Katekista aliyeongoza ibada akainua kichwa. Mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Mama, hiyo wacha." Sikuacha. Nilieleza siku ya soko, gauni la kanisani, kizuizi, ule mkono. Sikutaja jina. Nikasema, "Alipigwa hapa," na kwa woga nikagusa sikio langu la kulia.

"La kushoto."

Nilidhani ni mtu wa nyuma. Kumbe ni mjomba. Alikuwa ameketi, hakunyanyua sauti, na hema lote likamgeukia. "Ilikuwa sikio la kushoto," akasema tena. "Mimi ndiye nilimpiga. Na alikuwa ananiketisha upande huo. Mnafikiri sikuwa najua? Miaka hiyo yote niliongea hapo. Nilimwambia mambo mengi kwa hilo sikio. Nilimwomba pole kwa hilo sikio, kwa sababu nilijua halisikii."

Katekista alifungua kitabu akakifunga. Mwenye vyombo vya sauti alishusha mkono kutoka kwenye vitufe. Ndipo Amoit alipoinuka, akavua miwani. Hakuomba maikrofoni. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha Tororo, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mzee, mama ameenda. Kama kuna neno, geuka huku. Mimi nasikia pande zote mbili."

Wandera alishika mikono ya kiti. Wazee waliomzunguka walimshika koti, mmoja akamnong'oneza. Akaitoa mikono yao, akanyanyuka, akatembea kwenye uwanja ule wa jua uliotenganisha mahema mawili, mbele ya watoto wake wa ndoa ya pili, mbele ya kanisa, mbele ya majirani waliomjua maisha yao yote kama mtu mwema. Alisimama mbele ya Amoit na Nabwire.

"Amoit, nilikuwa nakupiga. Hukuwa na makosa. Siku ile nilitaka kukurudisha nikuue. Mama alijua. Nisamehe. Na wewe, Nabwire, nisamehe."

Nabwire alikuwa analia. Amoit alimtazama yule mzee kutoka viatu hadi nywele nyeupe.

"Nimesikia," akasema, akaketi.

Hakuongeza neno, na hapakuwa na mtu pale, si mzee wala katekista, aliyethubutu kumwomba aongeze.